Barafu imegoma kushuka mlangoni, ugonjwa uko kwenye tanki: kisa cha friji moja Lamu

Hiki ni kisa cha kweli nilichokishughulikia mwenyewe. Majina nimetoa, mtaa sitaji, na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha mwenye nyumba nimeviacha nje. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa friji huku pwani na pia kwa mtu yeyote mwenye friji ya milango miwili, ile yenye kidirisha mlangoni unaweka gilasi unabonyeza barafu inashuka. Hizi friji zimekuwa nyingi siku hizi, watoto walioko Uarabuni wanawatumia wazee wao, na zinapoharibika watu wanapoteza pesa nyingi sana kwa sehemu ambazo hazikuwa na makosa.

Nyumba na friji yenyewe

Nyumba ni ya zamani, ya mawe, ghorofa tatu, mitaa ya ndani kabisa Lamu mjini. Jiko liko juu kabisa, kidari cha meko, kama nyumba nyingi za zamani hapa. Hilo la jiko kuwa juu lishike vizuri, manake kisa chote kimeegemea hapo. Friji ililetwa na mtoto wa kiume wa nyumba hiyo kutoka Dubai, ikavuka kwa mashua kutoka Mokowe, ikabebwa na mahamali wanne vichochoroni, mlango ukang'olewa, ikavutwa kwa kamba mpaka juu. Mpaka leo ukutani kuna mkwaruzo ilipopita. Stima yake haina shida, ni ya volti 220 mpaka 240 na sisi Kenya ni 240, hilo nilitizama kwanza.

Maji ya friji yanatoka kwenye tanki la lita 500 lililo juu ya choo, hapo hapo ghorofa ya juu. Paipu nyembamba ya robo inchi inatoka pale, inapita kwenye kichujio cha nje kilichofungwa nyuma ya friji, inaingia kwenye valvu, kutoka valvu inapanda kwenye kimrija kinachomwaga maji ndani ya kalibu ya barafu kule frizani.

Kwa asojua inavyofanya kazi: kalibu ni kama sinia ya barafu ya kawaida, ila hii ina mota. Barafu ikiganda sensa inahisi baridi imefika, kalibu inajigeuza na kujisokota kidogo, vipande vinaanguka kwenye sanduku lililo chini yake, kalibu inarudi, valvu inafunguka kwa sekunde chache inamwaga maji mengine. Ndani ya sanduku kuna msokoto wa chuma, mfano wa ule wa mashine ya kusagia nyama, ukibonyeza kule mlangoni mota inauzungusha unasukuma barafu mbele, kilango kidogo kinafunguka, barafu inaanguka kwenye gilasi. Ukiachia, kilango kinajifunga. Ndo hivyo tu.

Simu niliyopigiwa

Aliyenipigia ni mama mwenye nyumba, mtu mzima, sauti yake imechoka. "Mwanangu, ndoo utizame hii friji, inanguruma tu haitoi kitu, na Maulidi ndo haya yaja." Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nyumba ile kila mwaka inapokea wageni wa Maulidi, wengine kutoka Mombasa wengine kutoka Zanzibar na Ngazija, na yule mama anajulikana kwa maji yake ya ukwaju, sasa ukwaju bila barafu kwa joto hili si kitu.

Nilipofika akanieleza kuwa fundi mwengine ashapita kabla yangu. Huyo aliwaambia mashine ya barafu, yaani ile kalibu na mota yake, imekufa, wakaagiza mpya, shilingi 14,500 pamoja na usafiri, ikafungwa, ikafanya kazi siku tano, ikarudi pale pale. Fundi akaacha kupokea simu. Na mjukuu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa ameshaanza kuvunja barafu kwa kisu sandukuni, pembe moja ya sanduku imepasuka.

Siku ya kwanza, na kosa langu

Nilibonyeza kidude cha mlangoni, mota ikalia, msokoto hauzunguki. Nikachomoa stima, nikatoa sanduku. Barafu yote imeshikana imekuwa jiwe moja, msokoto umezama katikati. Nikalipeleka sanduku bafuni, nikamwagia maji ya vuguvugu, si ya moto, manake plastiki iliyo kwenye baridi ya kuganda ukiimwagia maji ya moto inapasuka. Dakika kumi jiwe likaachia. Nikakausha kwa kitambaa mpaka ndani ya mashimo ya msokoto, nikarudisha, nikaongeza barafu ya sinia kidogo, nikabonyeza, ikashuka. Watoto wakapiga makofi. Nikachukua 1,500 yangu nikaondoka.

Hapo nilikosea, nasema wazi. Nilikuwa na kazi nyengine Shela na boti inangoja, nikatibu kilichoonekana. Barafu kushikana si ugonjwa. Barafu iliyo kwenye baridi sawasawa na pakavu haishikani, vipande vinakaa vimeachana siku nyingi. Ikishikana kuna maji yameingia mahali, au hewa yenye unyevu imeingia, au frizaa inapata joto. Ni moja katika hayo matatu na ilikuwa kazi yangu kujua ni lipi kabla ya kushuka ngazi.

Siku ya tatu akanipigia tena. Hakulalamika. Alisema tu, "Fundi, limekuwa jiwe tena." Ningependelea angenigombeza.

Safari ya pili

Safari hii nilienda asubuhi bila kazi nyengine, nikamwambia mama sichukui pesa mpaka nijue. Akaniletea chai na mahamri nikaanza na lile rahisi, baridi. Nikatia kipimajoto katikati ya mifuko ya samaki, nikafunga mlango nusu saa. Kikasoma nyuzi kasoro 17, yaani 17 chini ya sufuri. Frizaa inatakiwa iwe karibu kasoro 18, kwa hivyo joto si shida.

Pili kilango. Nilikata kipande cha karatasi ya daftari, nikakibana kwenye kilango kikiwa kimefungwa, nikavuta. Upande wa kulia kinashika, kushoto kinateleza. Nikazima taa, nikaweka tochi ya simu ndani ya njia ya barafu, nikatizama kwa nje: mstari mwembamba wa mwanga, urefu kama wa kucha. Na pale juu kwenye mdomo wa sanduku kulikuwa na theluji laini, ile inayokuja hewa ya nje ikiingia. Huku kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima, kusi ikivuma ndo zaidi, mwanya mdogo kama ule unatosha kuleta theluji kila siku. Nikafuta sponji ya kilango kwa maji ya vuguvugu, nikatoa chembe ya barafu iliyokuwa imekwama kwenye bawaba. Kikafunga vizuri zaidi ila si kikamilifu, sponji upande ule imeshakauka.

Nikafurahi nikadhani nimepata. Lakini jiwe la barafu halikukaa vile. Theluji ya kilango hukaa mbele, karibu na mdomo. Hili lilikuwa limeshikana zaidi nyuma, chini ya kalibu, na ukilitizama karibu unaona tabaka, kama maji yametiririka juu ya barafu yakaganda, yakatiririka tena yakaganda. Na vipande vyenyewe vilikuwa vidogo, vyengine vyembamba kama ganda la kaa. Nikapanda kigodani nikamulika kimrija cha kumwagia maji. Mdomoni kuna kidole cha barafu kimening'inia.

Kidole kile kikanifungua macho. Kimrija kikiwa na barafu inayoning'inia manake maji yanadondoka wakati hayatakiwi kudondoka.

Kabla sijaenda kwenye maji nikafanya jambo moja kwa ajili ya ile pesa yao. Nikauliza mashine ya zamani iko wapi. Ilikuwa kwenye karatasi ya nailoni chini ya kitanda, wenyewe hawatupi kitu. Nikaifunga ile ya zamani pahala pa mpya, nikabonyeza kitufe chake cha majaribio sekunde tatu. Ikajigeuza, ikajisokota, ikarudi, ikaita maji. Haikuwa na ila hata moja.

Nilikaa nayo mkononi nikifikiria namna ya kumwambia. Nikamwambia vile ilivyo, mama, hii ilikuwa nzima. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ile pesa alituma kijana, alikuwa amekaa mwezi mzima hajapata mshahara." Hakuongeza. Nami sikuwa na la kuongeza.

Kupima maji

Hapa ndo nataka mwenzangu atulie, manake mafundi wengi tunaishia kwenye friji na hatufuati paipu.

Nilichomoa paipu baada ya kichujio, nikaelekeza kwenye jagi lenye mistari, nikahesabu sekunde 10. Mililita 55. Nikatoa kichujio, nikaunga paipu moja kwa moja, sekunde 10 tena. Mililita 150. Kwa hivyo kichujio kilikuwa kimeziba. Nikauliza kilibadilishwa lini, hakijawahi, tangu friji ije, miaka miwili na zaidi, na vichujio hivi kwa kawaida ni miezi sita. Nilipokigonga kwenye sinki kikatoa maji ya rangi ya kutu.

Hilo linaeleza barafu ndogo. Valvu haipimi maji, inafunguka kwa muda tu, kwenye friji ile nilihesabu kama sekunde saba. Maji yakija kwa nguvu kalibu inajaa, yakija kidogo inapata nusu, na valvu imeshafunga. Ukiona barafu nyembamba usianze na mashine, anza na maji.

Lakini haielezi kidole. Nikachomoa kimrija upande wa kutokea kwenye valvu, nikaweka kikombe, nikaiacha valvu imefunga, nikatizama saa. Tone moja kila sekunde nane hivi. Ukitizama unaona si kitu. Fanya hesabu: ni matone 450 kwa saa, na tone moja ni kama mililita 0.05, ni zaidi ya mililita 20 kwa saa, kwa siku nzima ni karibu nusu lita ya maji inadondoka frizani. Nusu lita kila siku, sanduku lisiwe jiwe kwa nini?

Fundi wa haraka hapa anasema valvu imekufa, nunua valvu. Mimi pia mkono ulikuwa ushaenda kwenye simu niulize bei Mombasa. Lakini kuna jambo la valvu hizi ambalo kila fundi inafaa alijue: hazifungi kwa springi peke yake. Ndani kuna ngozi ya mpira, na maji yenyewe kwa nguvu yake ndo yanaikandamiza ngozi ile ifunge. Presha ikiwa ndogo mno, ngozi inakaa imelegea, na maji yanapenya tone tone. Ndo maana vitabu vya friji nyingi vinasema presha isipungue psi 20, ambayo ni kama baa 1.4.

Sasa nyumba ile ina presha gani? Sikuwa na geji ndogo ya kutosha, nikatumia njia ya wazee. Mjukuu akaleta mshipi wa kuvulia wenye chubwi, nikaushusha kutoka usawa wa maji ya tanki mpaka usawa wa valvu, tukafunga fundo, tukaupima kwa futi kamba. Mita 2.4, na hapo tanki limejaa. Kila mita 10 za urefu wa maji ni karibu baa 1, kwa hivyo mita 2.4 ni baa 0.24, psi 3 na nusu. Tanki likishuka inapungua zaidi. Inatakiwa 20, tuna 3 na nusu. Kuipata ile 20 kwa urefu peke yake tanki lingetakiwa kukaa mita 14 juu ya friji.

Nyumba ambazo jiko haliko juu, friji inakaa chini, tanki juu, hata hapo saa zingine haitoshi. Hii jiko liko juu pamoja na tanki, ni kama jirani kwa jirani.

Bado nilitaka uhakika, manake valvu yaweza kuwa na presha ndogo na pia ikawa na uchafu. Nikaenda dukani nikanunua bomba jipya la kunyunyizia maua, lile la kupampu kwa mkono, la lita tano, jipya kabisa halijawahi kutiwa dawa, hilo msilifanyie mchezo. Nikalijaza maji safi, nikaliunga na ile paipu ya valvu, nikapampu mpaka geji yangu kubwa ikasoma baa 2. Kikombe chini. Nikafungua valvu mara moja ikafunga. Tukakaa. Dakika moja, mbili, tano. Hakuna tone. Nikaachia presha ishuke taratibu, matone yakaanza tena kabla haijafika sufuri. Mjukuu ndo alikuwa wa kwanza kusema, "Kwa hivyo valvu ni nzima, ni maji hayana nguvu." Ni hivyo hivyo.

Maamuzi na sababu zake

Zilibaki siku tano Maulidi yaanze. Njia zilikuwa hizi.

Kuinua tanki, haiwezekani. Mita 14 juu ya nyumba ile ni mnara, na huu ni mji wa kale ulioandikwa urithi wa dunia tangu 2001, huwezi tu kuamka ukajenga kitu juu ya paa. Nikaliacha hapo hapo.

Kutoa kichujio na kuendelea hivyo hivyo. Barafu ingekuwa kubwa, ndiyo, na mama angeniona fundi mzuri kwa wiki moja. Matone yangebaki. Tena maji yale ya tanki yana chumvichumvi, nyumba yenyewe inakunywa maji ya jabia, ya mvua. Kichujio cha friji kinatoa harufu na uchafu, chumvi hakitoi. Nilionja barafu ile, ina ukakasi.

Pampu ndogo. Zipo pampu za daiframu zinazovuta maji kutoka kwenye mtungi, zina presha swichi ndani, zinajiwasha valvu ikifunguka na kujizima presha ikifika kiwango, ile niliyoitaka inajizima psi 40. Hii ingetatua mambo mawili pamoja, presha, na maji yenyewe, manake mtungi ungejazwa maji ya jabia yaliyochemshwa. Nilichagua hii. Shida ni kuwa iko Mombasa, na basi mpaka Mokowe na boti mpaka hapa, na msimu ule wa Maulidi mizigo inajaa.

Kwa hivyo tukagawanya kazi. Kwanza Maulidi yapite salama, halafu tengeneza kwa raha. Nikafunga maji ya friji kwenye koki, nikazima mashine ya barafu kwa swichi yake, nikasafisha sanduku, nikalikausha. Nikamwambia mama, barafu tutaganda kwa sinia, zile za vipande vidogo, kwa maji ya jabia, zikiganda mnazimwaga sandukuni. Mota ya mlangoni haijui barafu imetoka wapi, inachotaka ni vipande vidogo na vikavu. Alishangaa kuwa yawezekana. Nikamsisitizia vitu viwili, msimwage barafu ambayo bado ina maji katikati, na kama barafu haitoshi msije mkaleta ile ya samaki mkaivunja mkaitia humu, ile haikutengenezwa kwa kunywa.

Pampu nikaiagiza siku ile ile. 6,800 na usafiri.

Yaliyotokea

Maulidi yalipita. Nilipita mwenyewe jioni moja, daka limejaa viatu, juu wanawake wanacheka, mjukuu amesimama mbele ya friji na jagi anabonyeza, barafu inashuka kwa ule mlio wake. Sinia tisa walikuwa wakigeuza asubuhi na usiku. Nikapewa gilasi ya ukwaju.

Pampu ilikuja wiki moja baadaye. Nikaiweka kwenye kabati la mbao kando ya friji na mtungi wa lita 20, kichujio kipya, paipu mpya. Maji ya kwanza yaliyoingia kalibuni nilikinga kwa kikombe, mililita 105, siku ile ya kichujio kibovu ilikuwa haifiki 40. Barafu ya siku ya kwanza tukaitupa yote, ndo inavyotakiwa paipu zikiwa mpya.

Usiku ule ule nikapigiwa. Maji yanadondoka ghorofa ya pili. Nilikimbia na viatu mkononi. Kiungio kimoja cha kubana kwa kusukuma kilikuwa kinavuja, na kosa ni langu, paipu nilikata kwa mkasi, ikakatika mshazari kidogo, na kwa presha ya tanki isingeonekana lakini kwa psi 40 ikapata njia. Maji yalishuka kwenye sakafu ya chokaa mpaka kwenye boriti za chini, zile za mikoko, yakaacha alama ya kahawia kwenye dari ambayo ukienda leo utaiona. Nikakata tena kwa wembe mpya, wima kabisa, nikasukuma mpaka ikagonga, nikavuta kujaribu, nikakaa nayo saa nzima na karatasi ya choo imezungushwa kwenye kila kiungio nione kama italowa.

Wiki tatu baadaye nilirudi, vipande vimeachana, kimrija kikavu. Miezi mitatu, hivyo hivyo.

Uchambuzi wangu

Kilichofanya kazi zaidi ya chochote ni kutizama jiwe lenyewe kabla ya kuliyeyusha. Siku ya kwanza niliharibu ushahidi kwa maji ya vuguvugu. Siku ya pili tabaka zilinionyesha maji yanatoka nyuma na theluji ikanionyesha hewa inaingia mbele. Yalikuwa magonjwa mawili, na naona la maji lilitangulia, barafu iliyolowa ndo iliyoacha chembe kwenye bawaba ya kilango, kilango kikabaki wazi, unyevu ukaongezea.

La bomba la maua nalipendekeza kwa kila fundi. Gharama yake haikufika nusu ya valvu, na limenizuia kufanya kosa lile lile la mwenzangu, kubadilisha kitu kizima. Yule mwenzangu simtetei, lakini naelewa alivyoingia. Aliona barafu ndogo, kimrija kimeganda, akasema mashine. Alipofunga mpya aliyeyusha barafu yote, ndo ikafanya kazi zile siku tano, akaamini. Kuyeyusha peke yake kunaipa friji siku kadhaa za afya, kwa hivyo chochote utakachobadilisha siku ile kitaonekana ndo dawa. Mimi sasa sihesabu kazi ya barafu imekwisha kabla ya siku kumi, na nusu ya pesa nachukua hapo.

Yaliyoshindikana yapo. Siku zaidi ya mbili za mama zilipotea kwa haraka yangu. Dari lina alama. Pampu inanguruma usiku, nililaza mpira wa ndara chini yake ikapungua, haikwisha. Mtungi ukikauka pampu inazunguka kavu, jambo lisiloifaa, na ilishatokea mara moja mtungi ulipoisha wakati nyumba nzima iko harusini. Swichi ya boya ingeizima yenyewe, sijaipata ya saizi ile. Kwa sasa mjukuu amechora mstari mwekundu kwenye mtungi, maji yakifika hapo anajaza.

Na ile mashine mpya ya 14,500 iko kwenye boksi lake, nimeipaka mafuta kwenye vichwa vya waya visile kutu kwa hewa ya chumvi. Nilijaribu kuwatafutia mnunuzi, friji za aina ile si nyingi, bado.

Sponji ya kilango ndo iliyobaki. Ya kiwandani sikuipata, nikakata sponji nyeusi ya kuzibia madirisha nikaigandisha pale. Haitadumu, nilimwambia mama tangu mwanzo. Mjukuu nimemfundisha kila mwisho wa mwezi abane karatasi ya daftari avute, kulia, kushoto na katikati. Juzi kanipigia, kushoto imeanza kuteleza. Naenda Alhamisi.